Uji wa Keki wa Fide

Ukikwangua ganda la chungwa juu ya uji wa maziwa wa moto, harufu yake haiji taratibu. Inakupiga usoni. Jana asubuhi ilinipiga hapa Makambako, jikoni kwangu, mwanangu mgongoni, mama mkwe wangu kwenye kigoda ananitazama navunja yai kwenye uji.

"Mama Neema, uji gani huo wa sherehe?" akasema. "Huyo mtoto hana njaa. Huyo amebemendwa."

Alisema hivyo huku anachambua karanga, kama anayesema leo kutakuwa na ukungu. Nikaendelea kukoroga. Kilichoniwasha siyo yeye. Kilichoniwasha ni mume wangu, aliyekuwa mlangoni anafunga kamba za viatu na akasikia kila neno. Mchana aliporudi kula, akaniuliza kwa upole, bila kuniangalia: "Kuna kitu unataka kuniambia?"

Yeye sina cha kumwambia. Nawaambia ninyi wenzangu, mliokua miaka ile niliyokua mimi, ambao sasa mna watoto mgongoni na wakwe kwenye vigoda.

Neno lenyewe mnalijua. Kwa asiyelijua: mtoto mdogo akidhoofu, hawasemi amekosa chakula. Wanasema amebemendwa, yaani mama yake amelala na mwanamume wa nje wakati mtoto bado mchanga, na uchafu huo umemwingia mtoto. Baba naye anaweza kubemenda, wanasema hivyo, lakini mimi sijawahi kuona baba akiulizwa. Anaulizwa mama. Na dawa inaanza na mama kutaja jina la huyo mwanamume.

Sisi tulikaa nje kidogo ya mji wa Njombe, nyuma ya misheni, kwenye uwanja wa bibi mzaa baba. Baba alikuwa anapasua mbao huko Matembwe na nyumbani alikuja akikumbuka. Mama yangu kabla ya kuolewa alikuwa amefanya kazi kwenye tanuri la mikate hapa Makambako, na mwaka ambao mahindi yetu yaliharibika shambani, akarudi kwenye tanuri lile kwa muda atafute chochote. Aliniacha mimi na mdogo wangu Fidelis kwa bibi. Fide alikuwa ndiyo kwanza anatembea. Aliachishwa ziwa siku ile ile mama alipoondoka, bibi akimshika kwa nguvu uwanjani, na mama anatembea kwenda barabarani bila kugeuka maana aliambiwa akigeuka mtoto hatazoea.

Bibi alitulisha. Sitaki mtu aseme nimemsingizia. Asubuhi uji mweupe wa mahindi, mwepesi, ukiinamisha kikombe unaona maua yaliyochorwa chini. Mchana ugali na mboga za majani. Jioni ugali na mboga za majani. Na pale pale uani alikuwepo ng'ombe wa maziwa, kuku walikuwa wanataga kwenye kapu nyuma ya mlango, na miparachichi ilikuwa imelemewa hadi matawi yameegemezwa kwa miti. Maziwa yalikwenda kituoni kuuzwa kabla hayajapoa. Mayai yalikwenda sokoni. Parachichi zilihesabiwa zikiwa mtini, zikaondoka kwenye makreti na gari la mnunuzi, na iliyoanguka ikapasuka alipewa nguruwe. Hakuna aliyeona ajabu. Maziwa na mayai ni vya kuuza, watoto wanakula ugali. Mkoa mzima ulikuwa unaishi hivyo, na watu wazima walioshiba walitazama watoto waliofupika wakasema ni ukoo wetu, sisi hatuna urefu.

Mama aliporudi, Fide hakumkimbilia. Alikaa tu kwenye mkeka. Mama akamnyanyua, akamshusha kidogo, akamnyanyua tena, kama mtu aliyeuziwa mfuko ulio mwepesi kuliko alivyoambiwa.

"Mama, huyu mtoto alikuwa anakula nini?"

"Wanachokula wenzake," bibi akajibu. "Na wewe, Mama Oliva, Makambako ulikuwa na nani?"

Mama akacheka. Alidhani ni utani. "Na tanuri, mama."

"Tanuri halina mikono."

Hapo kicheko kikaisha. Mimi, Oliva mwenyewe, nilikuwa natafuna kipande cha keki alichotuletea, zile kingo ngumu wanazokata ili keki ikae sawa, na nilidhani wanagombana kwa sababu bibi hakuletewa yake.

Kingo zile ndizo zilizoanzisha kila kitu. Fide alikuwa hataki chakula. Ukimletea kijiko anageuza uso ukutani, hata kulia halii. Lakini mama alipomchovyea kile kipande kwenye chai akamwekea mdomoni, alikinyonya. Kikaisha, akafungua mdomo tena. Mama akatafuta mfukoni, akatafuta kwenye mkoba, akageuza mkoba na kuukung'uta juu ya kanga. Akaokota chembe moja moja kwa kidole kilicholowa mate na kumlisha. Zilipoisha, Fide akalia, sauti ndogo kama ya paka aliyefungiwa ndani. Mama alifurahi kusikia kilio kile. Ndiyo siku aliyosema, "Basi huyu nitampikia keki. Kama hawezi kuitafuna, ataikunywa."

Keki hatukuwa na mahali pa kuioka. Akaitengeneza kwenye sufuria, kwa njia ya uji. Nimekaa karibu na majiko mengi tangu hapo, lakini sijaona mtu anapika vile. Kwanza aliunguza sukari kavu mpaka ikawa nyekundu ya udongo na kuanza kutoa moshi, ndipo anamwagia maji, ikalia kwa kelele na mimi narudi nyuma. Kisha unga wa ulezi uliokorogwa kwa maziwa baridi. Anakoroga, anakoroga, mwiko haupumziki. Karanga zilizosagwa mpaka zikatoa mafuta. Kijiko cha siagi. Iliki aliyoitwanga na maganda yake. Akishautoa motoni ndipo anapiga yai kwenye bakuli, anachanganya na uji kidogo kidogo ili lisiive likakatika, na mwisho kabisa lile ganda la chungwa. Siku tukipata parachichi anaiponda humo humo, uji unakuwa mzito unaong'aa. Ukiuonja na macho yamefumbwa, huwezi kujua huko nje umande umeganda kwenye majani na watu wamejifunika mablanketi. Unadhani uko kwenye Komunio ya mtoto wa tajiri.

Mlango wa jiko ulikuwa unafungwa kwa komeo tangu kuwasha moto mpaka sufuria ioshwe. Mimi nilijua sababu: majirani wasije kuomba. Nilikuwa na hakika nayo kabisa. Kumbe ng'ombe alikuwa wa bibi, kuku walikuwa wa bibi, na mama ndiye aliyekamua.

"Ng'ombe amepungua maziwa," bibi alisema akiwa nje, chupa ya kupelekea kituoni mkononi.

"Ni baridi, mama."

"Na kuku nao wamesikia baridi?"

"Nao, mama."

Mama mwenyewe hakuula. Fide alikunywa vijiko vichache, akageuza uso, mama akambembeleza kwa nyimbo, kwa kumpulizia, kwa kujifanya anamlisha mwanasesere. Akikataa kabisa, uji ulikuja kwangu. "Kunywa wewe, usimwagike." Nikanywa. Asubuhi baada ya asubuhi nilikunywa keki ya mtoto mgonjwa, na nikadhani tumekuwa matajiri kimya kimya, na kwamba mama anafunga mlango kwa sababu watu wenye mali hufunga milango.

Halafu Fide akaanza kunenepa.

Nasema nilivyoona. Mashavu yalijaa. Miguu ikawa ya mviringo, ile ya watoto wa kwenye maboksi ya sabuni. Nywele zake zikabadilika, zikawa laini na zenye wekundu, zimelala, kama za Mtoto Yesu aliyechorwa ukutani kanisani kwetu. Hata ule ukimya wake nikauona ni wa picha ile. Nilijua uji unamgeuza. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba mdogo wangu anakuwa mzuri kuliko wao wote, na anayebisha aje aone. Hawakuja, maana mlango ulikuwa umefungwa.

Bibi naye aliona. Akasema ni maji ya uchafu yanamjaa, akaweka mizizi kwenye karai la kumwogeshea, na kila mara akiogeshwa anamgeukia mama: "Taja. Dawa haishiki mpaka utaje." Mama anasema hakuna. Bibi anasema, "Basi unamuua mwenyewe kwa aibu yako."

Kwa nini hakumpeleka hospitali mapema? Msiniulize mimi, jiulizeni mnaoishi kwenye nyumba za watu. Kumpeleka ilikuwa ni kumbeba mbele ya kijiji kizima, na kijiji kizima kilishaambiwa. Wanawake wa kisimani walikuwa wananyamaza akifika. Alijipangia kwamba atampikia mpaka apone, ndipo atamtoa nje akiwa amepona, awafunge midomo. Uji ndiyo ulikuwa utetezi wake.

Mama alinifundisha kazi ya tanuri kwa maneno, tukiwa kwenye moto. Aliniambia jinsi unavyojua donge la mkate liko tayari: unalibonyeza kwa kidole. Shimo likirudi upesi, bado, liache. Shimo likibaki, limeumuka, liingize motoni. Nilipenda sana jambo hilo. Nikawa nabonyeza kila kitu, tope la uwanjani, ugali, tumbo langu mwenyewe.

Asubuhi moja mama alikuwa anapiga yai, mimi nimemshika Fide mapajani. Nikambonyeza juu ya mguu, karibu na vidole. Nikaondoa kidole. Shimo likabaki. Nikasubiri. Likabaki, duara safi, kama nimebonyeza donge.

Nilifurahi sana. "Mama, Fide ameumuka," nikasema. "Yuko tayari. Njoo uone, shimo halirudi."

Mama aligeuka na uma wa kupigia yai mkononi. Akachuchumaa. Akabonyeza mwenyewe, pembeni ya shimo langu. Tukayatazama mashimo mawili, langu na lake. Yai lilikuwa linadondoka kutoka kwenye uma hadi kwenye gauni lake na hakulifuta.

Alimfunga Fide mgongoni, akanishika mkono, akaondoa komeo. Sufuria tukaiacha kando ya moto.

Bibi alikuwa kwenye njia, kati ya nyumba na barabara, amesimama kama amepandwa pale.

"Unaenda wapi na mtoto wa watu?"

"Hospitali, mama. Amevimba."

"Kavimba siku zote hizo na wewe unakataa kutaja? Unataka manesi wa Njombe nzima watucheke? Taja jina, mtoto apone hapa hapa."

"Nipishe, mama."

"Taja."

"Mama, nakuomba. Nitapiga magoti. Nipishe."

"Usipige magoti. Taja."

Mama akamtazama. Naona uso ule hata sasa, ulikuwa umekauka, kama wa mtu anayelipia kitu ambacho hakukinunua. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani: "Haya. Alikuwepo mwanamume. Huko huko kwenye tanuri. Anaitwa Samweli. Umefurahi? Nimetaja. Sasa nipishe."

Bibi akashika kichwa, lakini akasogea. Tena usoni alikuwa na nafuu, nilimwona. "Sasa si umetaja?" akatuitia nyuma. "Rudi basi nimwogeshe. Sasa dawa itashika. Mama Oliva. Rudi." Mama hakugeuka. Safari hii alikuwa na mtoto mgongoni.

Lori la mbao lilituchukua barabarani. Dereva aliuliza mtoto ana nini, mama akasema mafua.

Hospitalini nesi alimfunua Fide miguu, akabonyeza mguu pale pale nilipobonyeza mimi. Nikataka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyegundua kwanza, lakini hakuwa na uso wa mtu anayefurahia mkate.

"Huku siyo kunona, dada. Haya ni maji. Ni utapiamlo mkali. Umechelewa wapi?"

"Nyumbani," mama akasema.

Wakampa Fide maziwa mepesi kwenye kikombe kidogo sana, kwa kijiko, halafu basi. Mama akamshika nesi mkono. "Ongeza, dada. Huyu nyumbani nilikuwa nampa uji wa mayai, wa siagi, wa karanga. Nilikuwa nampa keki."

Nesi akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Mwili wake kwa sasa hauwezi kubeba vitu hivyo," akasema. "Umeshachoka mno. Tunamwanzisha taratibu. Huo uji ulikuwa wa kumpa zamani, dada. Ulikuwa wa wakati ule anaanza kukonda, angepata hata nusu ya huo."

"Wakati ule yai lilikuwa la kuuza," mama akasema.

Nesi aliendelea kuandika kitu kwenye meza, kalamu ikamgomea, akaitikisa, ikamgomea tena.

Fide alikufa pale pale wodini, mchana, jua limejaa dirishani. Alikuwa ametulia tu kama kawaida yake, na mimi niliendelea kumpepea kwa kipande cha boksi mpaka mama akanishika mkono.

Sasa nifike kwenye kile ambacho nimekuwa nakizunguka. Kwetu mfiwa hapiki. Mama aliyefiwa na mtoto anakaa chini, kwenye mkeka, wanawake wengine wanashika jiko. Baba alikuja kutoka Matembwe na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa ameshaambiwa kuhusu Samweli kabla hajaambiwa saa ya mazishi. Alikaa na wanaume nje, na ndani hakuingia.

Asubuhi baada ya kuzika, mama aliinuka mkekani. Wanawake wakamwambia kaa, mama, kaa. Akaenda jikoni, akawatoa waliokuwepo, akashusha sufuria kubwa ya msiba. Akamkamua ng'ombe, maziwa yote, hata tone halikwenda kituoni. Akaleta kapu la mayai kutoka nyuma ya mlango, lote. Akaunguza sukari ya msiba. Akakwangua machungwa. Na mlango ukawa wazi, akauegemezea jiwe ili upepo usiufunge, na harufu ile ikatoka ikaenda kwa wanaume waliokaa kwenye moto wa nje, ikaenda mpaka njiani. Watu waligeuza vichwa. Nani anapika keki msibani?

Akapakua kwenye vikombe. Akampelekea bibi cha kwanza, kwa mikono miwili, akapiga goti, adabu yote.

"Pokea, mama."

"Nini hiki?"

"Ni ule uji uliofanya uniulize kwa nini ng'ombe amepungua maziwa. Ndio aliokuwa anakunywa mjukuu wako. Kunywa, mama."

Bibi akaangalia kikombe, akaangalia watu, akanywa. Akanywa tena. Midomo yake ikabaki na rangi ya uji. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anameza.

"Ni mtamu," akasema.

"Ndiyo, mama," mama yangu akajibu. "Ni mtamu sana."

Kisha akawapa wote, hadi watoto wa jirani. Baba alipewa kikombe chake, akakiweka chini kikapoa na ngozi juu. Yeye alikuwa ameamini kuhusu Samweli, na aliendelea kuamini. Haukupita muda tukahamia Makambako, mama na mimi, na mama akawa anachoma maandazi ya kuuza.

Na mimi niliamini. Miaka mingi niliamini kwamba kulikuwa na Samweli, na kila mwanamume aliyenunua maandazi na kutabasamu nilimchunguza. Nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne ndipo nilipomuuliza, tukiwa tunakanda unga. Mama hakuacha kukanda.

"Samweli lilikuwa jina kwenye mfuko wa ngano," akasema. "Mtu aliuandika kwa kalamu ya wino mzito, ili wake usichanganywe na mingine. Nilikuwa nauona kila siku. Ningeambiwa nitaje mlima ningetaja mlima, alimradi anipishe."

Ndiyo maana nina hasira. Bibi alishafariki, na nilimlilia vizuri. Hasira yangu ni kwamba jana, mimi niliyesoma, ninayejua ulezi na yai na mguu unaobonyea, niliulizwa swali lile lile jikoni kwangu na mume niliyemchagua mwenyewe, na kwa nukta moja nikajikuta natafuta jibu kichwani. Natafuta jina.

Neema amekonda. Alikuwa na surua, akakataa kula, na uji wangu anauonja tu. Sikatai. Kila asubuhi nambonyeza mguu kabla sijapiga mswaki.

Leo sikubonyeza peke yangu. Nimepika uji wa Fide, mlango wazi, mama mkwe kwenye kigoda chake anakunywa kikombe cha pili na kusema una sukari nyingi. Nimemwita mume wangu. Nimeshika kidole chake, nikakiweka juu ya mguu wa mtoto.

"Bonyeza."

"Nini tena, Mama Neema?"

"Uliniuliza kama kuna kitu nataka kukuambia. Bonyeza."

Akabonyeza. Akaondoa kidole. Tukainama wote wawili, vichwa vikagusana, na hata mama yake akaacha kikombe akanyoosha shingo. Shimo lilikaa kidogo. Likakaa. Kisha ngozi ikapanda taratibu, ikajaa, ikawa laini.

Mume wangu akavuta pumzi. "Imerudi," akasema.

"Imerudi," nikamwambia. "Vaa viatu umbebe, twende kliniki wakati bado inarudi."